Chuma Katika Pete: Habari ya Kwinini, Kutoka Kwihara Hadi Kitete

Ndugu Mhariri ameniomba niandike makala ya historia kwa ajili ya mkutano wetu wa mwaka huu. Nadhani alitaraji habari za Mirambo, au za reli ilipofika Tabora mwaka 1912, au za walimu wetu wa zamani na fimbo zao. Hayo wapo wenzangu wanaoyajua zaidi. Mimi nilikuwa mkondo wa sayansi, na Chuo Kikuu nilisomea kemia kabla Serikali haijanikalisha nyuma ya majalada. Historia niijuayo vizuri ni moja tu, nayo ilipita katika barabara ile ile tuliyokuwa tukiifuata siku za Jumapili kwenda kutazama tembe la Kwihara. Ni habari ya homa, ya dawa chungu, na ya pete ndogo yenye chembe ya chuma katikati yake. Nina deni pia katika habari hii, na yafaa nilianze hilo kwanza.

Waliokuwa bweni moja nami mwaka 1999 watakumbuka kwamba nilikuwa kiranja. Watakumbuka pia klorokwini: vidonge kumi, yaani vinne siku ya kwanza, vinne siku ya pili, viwili siku ya tatu. Vilikuwa vichungu kiasi kwamba maji ya bomba yalionekana matamu, na baada yake mwili uliwasha mpaka mtu akajikuna kwa rula. Kwa sababu hiyo wengi walivitupa. Kiranja alitakiwa kusimama mbele ya mgonjwa mpaka ameze, kisha amwambie apanue kinywa.

Mwenzetu mmoja wa kidato cha nne, ambaye jina lake silitaji hapa, alipata homa mwezi wa Agosti. Alipewa vidonge vyake kumi. Homa ikashuka, na baada ya siku kama kumi ikarudi vile vile. Mimi sikuuliza sana. Nilisema kavitupa. Alikana, nikamwandika katika daftari la makosa ya bweni kwamba amekataa dawa na amesema uongo, nikampa eneo la kufyeka nyuma ya bweni. Siku ya pili ya kufyeka alianguka. Tulimchukua Kitete, akawekewa dripu ya kwinini, masikio yakimvuma hata hasikii tunalosema, akapona. Alifanya mtihani wake wa mwisho pamoja nasi, akaenda kwao. Huko homa ilimrudia tena mwezi wa Desemba, akanunuliwa klorokwini dukani, akafa. Matokeo yalipotoka, jina lake lilikuwamo katika waliofaulu.

Basi tuiache habari hiyo hapo kwa muda, twende Kwihara.

Wazungu wa kwanza kufika Tabora, ambayo wao waliiita Kaze, walikuwa Burton na Speke, tarehe 7 Novemba 1857. Walikuja kwa njia iliyokwisha tengenezwa na Wanyamwezi wenyewe na wafanyabiashara wa pwani, njia ya kutoka Bagamoyo hadi Unyanyembe na kuendelea Ujiji. Walipofika walikuwa wagonjwa, na walipoendelea mbele hali ikazidi: Burton alishindwa kutembea, Speke akawa haoni vizuri. Miaka kumi na minne baadaye, tarehe 23 Juni 1871, Stanley aliingia Kwihara. Naye alilala na homa akipayuka, na wenzake wawili wa Kizungu, Farquhar na Shaw, hawakurudi kwao. Livingstone alikaa katika tembe lile tangu Februari hadi Agosti 25, 1872, akisubiri wapagazi. Akaondoka kwenda kusini, na tarehe 1 Mei 1873 akafariki.

Wakati maiti yake ilipopitishwa Kwihara mikononi mwa Susi na Chuma mwezi wa Oktoba 1873, iliwakuta pale Cameron na wenzake, waliokuja kumtafuta akiwa hai. Wote walikuwa taabani kwa homa. Daktari wao, Dillon, aliongozana na maiti kurudi pwani, na njiani mwezi wa Novemba, homa ilipomvuruga akili, alijipiga risasi. Mpwa wake Livingstone, Moffat, alikuwa amekwisha kufa kwa homa kabla hata ya kufika Unyanyembe. Wapagazi nao walikufa njiani, kwa homa, ndui na njaa, na kwa idadi kubwa kuliko Wazungu, ila majina yao hayakuandikwa kwenye vibao vya shaba.

Dawa waliyokuwa nayo ilikuwa kwinini, iliyotoka katika gome la mti wa sinkona wa milima ya Amerika ya Kusini. Mwaka 1820 Wafaransa wawili, Pelletier na Caventou, waliitoa kwinini yenyewe katika gome hilo ikawa unga mweupe. Livingstone alitengeneza vidonge vyake mwenyewe kwa kuichanganya na dawa za kuharisha: jalapa, kalomeli na rubabu. Kwa hakika ilikuwa dawa ya kumwamsha mgonjwa kwa nguvu. Mwezi wa Januari 1867 watu wawili walitoroka na mizigo, na sanduku la dawa likiwemo ndani yake. Aliandika katika shajara yake kwamba alijiona kama mtu aliyekwisha hukumiwa kifo. Alikaa bila dawa za kutosha karibu miaka mitano, mpaka Stanley alipomkuta Ujiji.

Sasa fikirini jambo hili. Watu hawa walimeza kwinini, wakapona mara nyingi, lakini hakuna hata mmoja aliyejua homa ni kitu gani. Walidhani ni hewa mbaya ya vinamasi. Dawa ilifanya kazi ndani ya damu zao wasijue inafanya kazi juu ya nini.

Kilichofunua siri kilikuwa vumbi jeusi. Madaktari waliopasua maiti za waliokufa kwa homa walikuwa wameona tangu miaka ya 1840 kwamba wengu na ubongo vina rangi nyeusi, kama vimepakwa masizi. Mwaka 1880 daktari wa jeshi la Ufaransa, Laveran, akiwa Constantine nchini Algeria, alitazama damu ya mgonjwa kwa hadubini akaona vumbi hilo limo ndani ya viumbe vidogo vinavyojisogeza. Mwaka 1897 Ross, kule Secunderabad nchini India, alimpasua mbu akaona vumbi lile lile katika ukuta wa tumbo lake. Kwa hiyo kimelea na mbu wote wawili walikamatwa kwa alama moja, kama mwizi wa unga anavyojulikana kwa nguo zake. Lakini vumbi lenyewe ni nini? Jibu kamili lilichukua zaidi ya miaka mia moja tangu Laveran, na hapo ndipo kemia yangu inapoingia.

Katika mwaka wa mwisho pale Dar es Salaam nilipewa mradi wa kutengeneza misombo ya shaba na nikeli. Metali hizi, pamoja na chuma na kobalti, huitwa metali za mpito, na tabia yake ni kupenda kushikwa na atomi nyingine kila upande. Ukiipa molekuli nne ndogo, kila moja huishika kwa mkono wake, na kila moja yaweza kuachia kwa wakati wake. Lakini ukiipa molekuli moja iliyojikunja ikawa pete, yenye atomi nne za naitrojeni zinazotazama ndani, metali huketi katikati, na haiwezi kutoka mpaka mikono yote minne iachie kwa pamoja. Nilipomweleza bibi yangu alisema, "Kumbe ni ngata." Alikuwa sawa kuliko alivyojua. Katika damu isiyo na hewa, chembe ya chuma haikai ndani ya pete barabara, bali juu yake kidogo, kama mtungi juu ya ngata. Hewa ya oksijeni inapoishika ndipo inapozama katikati.

Kazi yetu ilikuwa ya aina mbili. Kwanza tuliweka unga wetu katika mizani iliyomo ndani ya tanuri, tukaupasha moto polepole na kuandika uzito unavyopungua. Maji hutoka mapema. Pete yenyewe hukaidi kwa muda mrefu, kisha huvunjika, na mwisho hubaki oksidi ya metali, nyeusi kama mkaa. Pili tulichovya vikaratasi katika dawa yetu tukavipanga juu ya sahani zilizopandwa bakteria, tukapima asubuhi duara safi ambapo hakikuota kitu. Mara nyingi pete yenye shaba iliua zaidi kuliko pete tupu. Nilipata milimita zangu chache, nikapata na shahada yangu. Mtu akiniuliza mambo hayo yana faida gani, nilikuwa nikimwonyesha jarida lolote lenye picha za rangi: ile buluu ya wino wa matbaa ni shaba katika pete ya aina hii, iliyogunduliwa kwa bahati katika kiwanda cha rangi huko Scotland mwaka 1928, nayo huvumilia joto la zaidi ya nyuzi 400. Shaba ya Katanga iliyopita Tabora kwa mikono ya watu wa Msiri, ambaye naye alikuwa mtu wa huku kwetu kabla ya kutawala Garenganze, ilikuwa bangili tu. Hakuna aliyeota kuwa ingekuja kuwa wino.

Lakini pete iliyo muhimu kuliko zote haikutengenezwa na mtu. Imo katika damu. Huitwa hemu: pete ya porfirini na chembe moja ya chuma. Kila molekuli ya hemoglobini inazo nne, na ndizo zinazoipa damu wekundu wake. Uimara wake wa joto kila mmoja wenu ameuona kwenye jiko la nyama. Nyama nyekundu ikipata moto hugeuka kahawia: protini imevurugika na chuma kimebadilika hali, ila pete haijavunjika. Mwaka 1853 Teichmann, mwanaanatomia wa Kipolandi, alipasha moto damu kavu pamoja na chumvi na asidi ya siki, akapata fuwele ndogo za kahawia. Ilikuwa hemu hiyo hiyo, imepita katika moto na asidi ikatoka na chuma chake. Polisi walitumia njia hiyo kwa miaka mingi kujua kama doa katika nguo ni damu au ni kutu. Hans Fischer wa Munich aliweza kuijenga pete hiyo mwenyewe, akapata tuzo ya Nobel mwaka 1930.

Sasa turudi kwa kimelea cha malaria. Kinapoingia ndani ya chembe nyekundu hukuta ghala limejaa hemoglobini, nacho hula zaidi ya nusu ya ghala hilo ndani ya siku mbili. Protini hukifaa kwa chakula. Pete hakiwezi kuila. Na hemu ikiwa huru, bila protini ya kuifunika, ni sumu kali: chuma chake huzalisha oksijeni yenye madhara, na pete yake bapa hujipenyeza katika ngozi za seli na kuzitoboa. Yaani adui anapokula damu yetu anajijazia sumu tumboni. Alichofanya ni kuzipanga hemu mbili mbili, kisha kuzibana pamoja ziwe fuwele ngumu zisizoyeyuka wala kudhuru. Fuwele hizo ndizo vumbi jeusi la Laveran. Umbo lake kamili lilijulikana mwaka 2000. Chembe nyekundu inapopasuka baada ya saa 48, vumbi na takataka nyingine humwagika katika damu, mwili ukashtuka, na hapo ndipo baridi ile ya kutetemesha kitanda na joto la nyuzi 40 au zaidi.

Klorokwini, iliyotengenezwa na Andersag huko Ujerumani mwaka 1934, hujilaza juu ya pete, na juu ya fuwele inayokua, ikazuia hemu nyingine zisijipange. Wataalamu wengi wanaona kwamba kwinini nayo hufuata njia hiyo. Basi yafaa ieleweke vizuri: dawa ile chungu haikuwa inamuua adui kwa uchungu wake. Ilikuwa inamzuia asiifungie sumu aliyokwisha imeza, na sumu yenyewe ilikuwa damu ya mgonjwa. Livingstone alipolala Kwihara na vidonge vyake, silaha iliyompigania ilikuwa chuma chake mwenyewe.

Nilipolisoma jambo hili nikiwa mwaka wa tatu, nililiona zuri kupita kiasi. Dawa nyingi hulenga kitu cha kimelea, na kimelea hubadilisha kitu hicho, dawa ikakosa shabaha. Hapa shabaha si yake. Pete ni yetu, na hana uwezo wa kuibadilisha hata kidogo. Ndiyo sababu klorokwini ilidumu miaka mingi hivyo. Mwalimu wetu alituuliza, "Kama ni hivyo, mbona imeshindwa?" Darasa zima kimya.

Imeshindwa kwa sababu kimelea, kilipoona hakiwezi kuigusa pete, kiligeuza mlango. Katika ukuta wa tumbo lake kuna protini ambayo, ikibadilika kidogo mahali fulani, huisukuma klorokwini itoke nje kabla haijajaa. Jini ya mlango huo ilitambuliwa mwaka 2000. Vimelea vya namna hiyo vilianza Asia, vikaonekana Afrika ya Mashariki mwishoni mwa miaka ya 1970, na kufikia miaka ya 1990 vilikuwa vimeenea. Mahali pengi Tanzania utafiti ulionyesha kwamba karibu nusu ya wagonjwa, na penginepo zaidi, walimeza dozi yote sawasawa na homa ikarudi. Mwaka 2001 Serikali iliiacha klorokwini na kuweka SP, na mwaka 2006 ikaweka dawa mseto tunayoitumia sasa.

Hesabu ya miaka si ngumu. Tulikuwa mwaka 1999. Mwenzetu alipona siku chache, kisha homa ikarudi baada ya siku kumi: hiyo ndiyo sura hasa ya klorokwini iliyoshindwa, kama ilivyo katika vitabu. Asiyemeza kabisa homa yake haishuki kwanza. Ushahidi wote ulikuwa mbele ya macho yangu, na nilikuwa wa kwanza darasani katika kemia. Alikuwa amemeza. Vidonge vyote kumi.

Na Kitete walipompa kwinini alipona, kwa kuwa mlango ule unaotoa klorokwini hauitoi kwinini vizuri namna hiyo. Dawa ya misafara, ya zamani zaidi, ilifanya kazi pale ambapo ile mpya ilikuwa imechoka.

Wenzetu wa Malawi waliacha klorokwini mapema, mwaka 1993. Miaka kumi na kitu baadaye wataalamu waliijaribu tena kwa watoto wenye malaria, na matokeo yaliyotolewa mwaka 2006 yalionyesha inatibu karibu wote. Mlango uliobadilika ulikuwa mzigo kwa kimelea. Klorokwini ilipoondoka, wenye mlango wa zamani wakawashinda. Sisemi tuirudie. Hakuna atakayeirudia peke yake, kwa sababu mlango utageuka tena.

Dawa mseto ya leo nayo inaitegemea pete hiyo hiyo. Artemisinini, aliyoitoa Bibi Tu Youyou wa China katika mmea mwaka 1972, huingia mwilini ikiwa imelala. Inapokutana na hemu iliyo huru, chuma huvunja daraja la oksijeni lililomo ndani yake, nayo huwaka na kuunguza kila kilicho karibu. Mara hii pete ni kiberiti. Lakini vimelea vimeanza kujifunza. Aina inayochelewa kufa ilithibitishwa Rwanda mwaka 2020 na Uganda mwaka 2021, na sampuli za mwaka 2021 zimeionyesha kwetu mkoani Kagera, hasa Karagwe. Njia yake imewashangaza wanakemia: kimelea kikiwa kichanga hula hemoglobini kidogo. Kikila kidogo hakitoi hemu nyingi, na bila hemu dawa haiwaki. Kinafunga kula mpaka dawa ipite. Kutoka Karagwe kuja Tabora basi linachukua siku moja. Burton angetumia miezi.

Nayaandika haya kwa sababu kijana fulani bwenini, mwaka huu au ujao, atarudiwa na homa baada ya kumaliza dozi, na kiranja atasema kavitupa. Mimi sasa nina watoto wa umri huo. Wakiugua na homa ikarudi, swali langu la kwanza kwa daktari ni kipimo, siyo kama wamemeza.

Mwaka juzi nilipita Tabora kikazi nikapata nusu siku. Nilikwenda Kwihara, tembe lipo na miembe ipo. Kisha nikapita shuleni, nikaliona bweni letu, limepakwa rangi nyingine. Niliuliza kama madaftari ya zamani ya viranja yamehifadhiwa mahali. Kijana aliyenipokea, kwa heshima kubwa, alisema, "Shikamoo mzee, hayo nadhani mchwa wameyamaliza." Inawezekana. Ila kama lipo hata moja la mwaka 1999, katika kurasa za mwezi wa Agosti kuna jina moja kwa mwandiko wangu, na mbele yake maneno kwamba amekataa dawa na amesema uongo. Atakayelikuta namwomba ayakate maneno hayo kwa kalamu. Jina aliache.